Swila Yuko Bafuni

Mliosimuliwa na yule rafiki yangu wa bodaboda, futeni. Sikukimbia uchi mpaka stendi ya Uyole, hapa Mbeya. Niliishia kwenye migomba ya jirani, tena povu lilikuwa limesitiri sehemu kubwa.

Kwetu Ileje jina langu, Swila, halimshtui mtu; ukiita sokoni ataitika ukoo mzima. Shida ni mjomba. Kaka yake mama mwenye nyumba, kaja juzi kutoka Tanga, na kwake swila ni mmoja tu: yule nyoka wa jamii ya fira, anayetanua shingo na kukurushia sumu machoni akiwa mita 2 au 3 mbali. (Akina Simba na Tembo, acheni kucheka. Nyie mnaitwa nchi nzima na hakuna anayeshika jembe.)

Jana jioni, baridi ya Uyole mnaijua, nimechemsha maji yangu, nimeingia bafu la nje, lile la mabati lisilo na paa. Nimejipaka sabuni mpaka machoni, mswaki mdomoni. Rafiki yangu akafika.

"Swila yuko wapi?"

Mtoto wa mwenye nyumba akajibu, "Bafuni! Kaingia sasa hivi!"

Mjomba akauliza kwa sauti ya chini, "Mkubwa?"

"Mkubwa, mjomba. Mrefuuu."

Na yule mshenzi, aliyekwisha elewa kila kitu, akaongeza, "Leo ana hasira huyo, hajala tangu asubuhi."

Mama mwenye nyumba, ambaye angeyamaliza kwa neno moja, alikuwa Mwanjelwa.

Nikasikia sufuria inaanguka. "Watoto, juu ya meza! Leteni jembe! Kuna nyoka bafuni!"

Bafuni niko mimi. Macho yamefumba, sabuni inawasha, na nyoka namwogopa kuliko kodi ya nyumba. Nikapandisha mguu mmoja juu ya ndoo. Nikajaribu kuuliza yuko upande gani, lakini kwa mdomo uliojaa dawa ya meno ikatoka, "Yufo wafiii? Fsssss..."

"Mnasikia anavyofoka?"

Basi nikatema ili niulize vizuri. Kwa kuwa chini ndiko nilikodhani kuna nyoka, nikatema juu. Povu likapanda taratibu, likavuka bati, likatua kwa mjomba, usoni, katikati kabisa.

"Kanitemea! Macho yangu! Maziwa!"

(Swila wa kweli akikutemea, osha macho kwa maji safi mengi, kisha kimbia hospitali. Maziwa kunyweni na viazi.)

Teke moja, mlango chini. Mjomba kafumba jicho moja, jembe liko juu. Mimi mguu mmoja kwenye ndoo, mswaki uko juu. Tukatazamana. Neno pekee lililonijia ni, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba," akajibu, jembe bado liko hewani. Kisha jicho lake zima likashuka chini.

Ndipo nikaitafuta migomba.

Mengine mafupi: nililetewa kanga, rafiki alicheka mpaka akalala juu ya pikipiki, mjomba alinukia minti usiku kucha na kitambulisho changu amekikagua pande zote mbili. Mlango bado uko chini. Mama mwenye nyumba anasema nitalipa mimi, kwa sababu jina ni langu.