Konda, Mimi Nina Mifupa

"Sogeeni, hapo ni watu wanne!" Wanne gani, kijana? Ubavuni mwa gari pameandikwa abiria 14, kiti ni cha watatu, na huyo wa tatu tayari nusu ya tako lake liko hewani. Ukilalamika anakujibu kwa upole wote: "Mzee, jibane tu."

Nijibane wapi? Tuelewane, mheshimiwa konda. Nyama inabanika. Tumbo ukilivuta linaingia. Nyonga haiingii popote! Ni mafupanyonga mawili, kulia na kushoto, nyuma yameshikwa na sakramu, mfupa wa chini ya kiuno, mbele yamekutana kinenani kwa gegedu, ile tishu ngumu inayonyumbuka kama ya sikio. Utotoni kila moja lilikuwa vipande vitatu. Vikaungana ujanani, basi, biashara ikafungwa. Kwa mama mjamzito kano za hapo hulegea kidogo, homoni ndizo zinazozilegeza, lakini njia hiyo inatengenezwa apite mtoto, si abiria wa nne.

"Basi kunja mabega." Haya, mabega. Upana wake unashikiliwa na mtulinga, mfupa pekee unaounganisha mkono na kidari. Ndio huo unaovunjika watu wakirushwa na boda wakaangukia bega. Sasa unataka nao ukunjwe kama mwavuli?

Na mbavu je? Jozi 12. Saba za juu zimeshika kidari, kila moja kwa gegedu lake. Tatu zinazofuata zimeazima gegedu la jirani wa juu. Mbili za mwisho hazijashika chochote mbele, na hapo hapo ndipo jirani yangu ameegesha kiwiko. Kifua kinatanuka kila mtu akivuta pumzi. Tukiwa wanne itabidi tupumue kwa zamu, na zamu yangu haijafika tangu tutoke kituoni. Toa kiwiko, bwana!

Kuku aliyefungwa chini ya kiti amekalia mifupa 26 ya mguu wangu wa kushoto. Huyo simlaumu, naye hakuulizwa.

Halafu lami inaisha. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojitegemea: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Kati yake kuna visahani vya gegedu vyenye ute mzito katikati. Ukikaa umejikunja, kisahani kinabanwa mbele na ute unasukumwa nyuma, kwenye neva. Kilichochoka kikipata shimo moja la barabara kinaweza kupasuka, hasa vile viwili vya chini kabisa kiunoni, na maumivu yanashuka pajani mpaka unyayoni. Kwa hiyo egemeza mgongo, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, na usiiname kwa kujipinda kuokota mzigo. Egemeza wapi sasa? Kiti chenyewe hakina mgongo.

Nyumbani watakuambia umerogwa. Mwingine atasema kula mukene, wale dagaa wa ziwani, ana kalsiamu. Hapo kweli, maana analiwa na mifupa yake, na asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili inakaa mifupani. Ila nenda sokoni uone anavyopimwa! Tumpeco, kikombe cha kupimia, imebonyezwa kitako mpaka imekuwa sahani, na nusu ya kilichomo ni mchanga alioanikiwa. Mama, mchanga si kalsiamu. Chambua, osha maji matatu, ukimaliza kinachobaki hakitoshi kumshibisha hata paka. Na bei yake wiki hii, jamani...