Nukta ipo, ukweli haupo

Juzi nilituma rekebisho dogo kwenye mradi mmoja wa programu huria ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Python. Ndani yake kuna fanksheni, kipande cha msimbo, ya kusoma tarehe. Komenti yake, yaani maelezo ya kumwongoza msomaji, ilisema kwamba tarehe ikiwa mbovu, unarudishiwa None, yaani "hakuna kitu". Hurudishiwi. Inatupa ValueError, kosa linalokatisha programu, na kwa ajili yake nilikesha hadi saa tisa usiku nikisaka kwa nini programu yangu inakatika. Nikaandika sentensi moja ya kweli, nikatuma. Kikaguzi cha mradi, programu inayopitia kila rekebisho, kikaikataa palepale kwa kanuni yake ya D400: mstari wa kwanza hauishii kwa nukta.

Komenti ya zamani, ile ya uongo, ilikuwa na nukta yake. Ilipita kila ukaguzi.

Nimeumia, na sioni haya kusema. Anayetegemea komenti hizi zaidi ya wote ni kijana anayejifunza peke yake, asiye na mkubwa wa kumuuliza ofisini. Yeye anaamini kilichoandikwa. Kikimdanganya, anadhani kichwa chake ndicho kibovu.

Sikatai utaratibu. PEP 257, mwongozo wa Python wa mwaka 2001 kuhusu komenti hizi, inataka muhtasari wa mstari mmoja, nukta, na kitenzi cha kuamuru: "Rudisha jumla", si "Inarudisha jumla". Kwenye kitenzi, mwongozo wa Javadoc, yaani wa komenti za lugha ya Java, unataka kinyume chake kabisa, na watu wa Java wanaelewana vizuri tu. Watu wa lugha ya Go nawapa haki yao: kuanza komenti kwa jina la kitu chenyewe kunasaidia sana unapotafuta, na tangu toleo la 1.19 la mwaka 2022 gofmt, programu yao ya kunyoosha msimbo, inazipanga komenti yenyewe, ugomvi umekwisha.

Lakini kanuni ninayoitamani ni ya lugha ya Rust. Ukiweka mfano wa msimbo ndani ya komenti inayoanza kwa ///, amri ya majaribio ya cargo test inauchukua na kuuendesha kama jaribio lolote lile. Mtu akibadilisha fanksheni akasahau komenti, jaribio linaanguka. Komenti inalazimika kusema kweli. Na sisi wa Python hatuna kisingizio, maana doctest, inayoendesha mifano ya komenti vilevile, imo kwenye maktaba ya lugha tangu 2001 hiyohiyo. Unaandika

>>> soma_tarehe("31/02/2024")

na chini yake unaonyesha kinachotokea. Mstari huo ungekuwepo, na doctest ikaendeshwa, uongo ule ungekamatwa kabla haujamfikia mtu yeyote. Miradi mingapi inakagua nukta kila siku na haijawahi kuendesha mfano hata mmoja?

Basi nimeongeza nukta. Nimeongeza na mfano, nikaomba doctest iingizwe kwenye ukaguzi wa mradi. Nukta ilikubaliwa ndani ya saa moja. Doctest bado wanaijadili, na kila asubuhi nafungua kuangalia.