Klachi Nani Ataisikia?

Watu wakipata 180,000 wanaweka kwenye sacco. Mimi nilinunua daftari. Nikaandika juu "MRADI WA IMPREZA", yaani Subaru yangu, nikapiga mstari kwa rula, nikaorodhesha vifaa vya kununua, nikampelekea fundi kama waziri anayewasilisha bajeti bungeni.

Aliisoma akiwa amelala chini ya Probox ya watu. "Mkubwa, hii umeipanga miguu juu. Hii WRX yako ni mzee. Anza na klachi, plagi na pampu ya petroli, halafu kompyuta ya injini ipangwe upya. Makelele yaje mwisho."

"Klachi nani ataisikia?"

Akanyamaza. Mwenye pesa ndiye msemaji.

Eksozi ikatangulia: 85,000, na madirisha ya jirani yakatetemeka. Ikafuata ile vali ya kutema hewa ya tabo (turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini), inayosema pshuuu ukibadilisha gia. Sasa, kwenye gari hili kompyuta huwa imeshaihesabu hewa hiyo na kuimwagia petroli yake. Ukiitema nje, petroli inabaki mjane. Basi kila gia ilikuwa pshuuu, kikohozi, moshi mweusi. Watoto wa mtaa walidhani ni madoido. Pesa za mwisho zikaenda kwa kidude cha kupandisha presha ya tabo. Klachi ikabaki namba 9, chini ya stika.

Jumapili moja tulikuwa tunatoka kwa wakwe Naivasha, jogoo wa zawadi amefungwa miguu nyuma. Kwenye mlima wa Mai Mahiu nikaliona lori la kabichi mbele. Nikatia gia ya tatu, nikakanyaga mafuta yote.

Injini ikanguruma. Mshale wa mizunguko ukaruka hadi 6,000. Ule wa kasi ukateremka: 60, 50, 35. Nguvu yote niliyoinunua ilikuwa inaisugua klachi kuukuu, matairi hayaambulii kitu. Kisha harufu ikaingia.

"Baba Shiko," mke wangu akauliza, "ni jogoo anaungua?"

Nikarudi nyuma ya lori, lori nalo likaniacha. Utingo akaning'inia juu ya kabichi, akapaza sauti: "Mzee, mlio tumesikia! Gari liko wapi?"

Tulivutwa hadi Nairobi kwa 18,000. Jogoo aliwika njia nzima.

Fundi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akainama, akatazama chini ya gari, akakuna kichwa. "Klachi iko kati ya injini na gia boksi. Gia boksi haishuki mpaka tutoe eksozi." Yaani ile kazi niliyolipia ifungwe, sasa nilipie ifunguliwe, kisha nilipie tena ifungwe.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Mama Shiko ameshika daftari langu na ile rula. Ukurasa ulikuwa mpya. Namba 1: klachi. Namba 2: nauli ya matatu, miezi mitatu.