Lazima laptopu mpya ndio urikodi nyumbani?

Kila kijana hapa Unguja anaetaka kurikodi nyumbani anaambiwa kama huna prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i7 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16 usijisumbue, na wapo wengine wanasema kompyuta yoyote ilimradi inawaka. Mie naona wote wana haki ila hawamuulizi mtu kwanza anataka kurikodi nini.

Mtu wa biti, zenji fleva au singeli, vyombo vyake vyote vimo ndani ya kompyuta, piano plagini (programu ndogo inayotoa sauti ya chombo), fidla plagini, kila kitu anachoongeza kinakula prosesa na yale masampo, vipande vya sauti vilokwisha kurikodiwa, yanajaa kwenye RAM. Ukiwa na RAM ya GB 4, Windows ishachukua kama nusu, hujafika kiitikio mashine inakwama. Huyo msimdanganye, Ableton Live 12, programu ya kutengenezea muziki, wenyewe wanataka RAM ya GB 8 kwa uchache.

Lakini mtu wa taarabu? Udi, kanuni, fidla, dumbaki, hivi vinapigwa na watu mbele ya maiki, kompyuta kazi yake kubwa ni kuandika kwenye diski. Treki moja, yaani sauti ya maiki moja, kwa ubora wa bit 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde ni kama MB 8.6 kwa dakika, kwa hivo treki nane za wimbo wa dakika kumi hazifiki hata GB 1. Laptopu ya miaka kumi nyuma inaliweza hilo, na Reaper, programu nyengine ya kurikodia, inakaa vizuri tu kwenye mashine dhaifu, unaijaribu siku 60 kabla hujalipa.

Wenye mashine mpya hoja yao nzito ni sauti kuchelewa. Bafa, kile kipande cha sauti kompyuta inachokikusanya kabla ya kukifanyia kazi, ikiwa vipimo 1024 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 23 kuingia tu, bado kutoka, muimbaji anajiskia nyuma ya wimbo anaanza kuburura. Mashine yenye nguvu inashuka mpaka 128, kama milisekunde 3, bila kukwaruza. Kweli kabisa, ila intafesi (kisanduku cha kuunganishia maiki na kompyuta) nyingi za USB zina swichi ya kujiskia moja kwa moja bila sauti kupita kwenye kompyuta, bas hapo tatizo limekwisha.

Na nguvu nayo ina gharama yake. Tulirikodi udi usiku chumbani kwangu, madirisha tumefunga, feni tumezima, jasho linatutoka, rafiki yangu kaja na laptopu yake ya magemu, taksimu, udi peke yake, inafika pale pa sauti ya chini kabisa feni ya laptopu ikaanza kuvuma, yote imo kwenye maiki. Ikabidi laptopu tuipeleke ukumbini.

Laptopu yangu ya zamani nayo iliniumiza zaidi, diski yake ilishindwa katikati ya wimbo na mzee wa kanuni alikuwa kapiga vizuri mno, akarudia lakini ile ya mwanzo haikuja tena, mpaka leo naijutia. Nikatia SSD, diski ya kisasa ya kasi, na nikirikodi nazima intaneti, haijakwama tena.

Desktopu kwa bei ile ile ina nguvu zaidi, ila umeme wetu unaujua, ukikatika na treki imekwenda, na UPS, betri ya kushikilia umeme, nayo ni pesa.

Juzi jirani kaniuliza, ana laptopu ya RAM GB 4 na anataka kumrikodi babu yake anaepiga udi. Nikamwambia atie SSD, pesa iliyobaki anunue intafesi na maiki mbili nzuri, amrikodi babu sasa hivi, mambo ya biti atayafikiria baadae.