Kufuli ni la nani? Kontena za C++ kwenye mitambo ya zamani

Kifaa kilichotugombanisha karakanani hapa Arusha kinarekodi joto na unyevu katika banda la maua upande wa Usa River. Programu yake imeandikwa kwa C++, lugha ya programu, ya mwaka 1998, na kila baada ya siku kadhaa kinazima chenyewe. Ndani yake zipo nyuzi, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba: uzi mmoja unaongeza vipimo kwenye vekta, orodha inayojikuza, mwingine unavisoma ili uvitume. Vekta ikijaa huomba memori kubwa zaidi, huhamisha kila kitu na kuachia eneo la zamani. Uzi unaosoma ukikutwa katikati, unabaki na anwani ya nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Mwenzangu analaumu maktaba sanifu, yaani zana zinazokuja na lugha: kontena, kama vekta hiyo ya kuhifadhi data, ingejifunga yenyewe kwa kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati. Si hoja ya kipuuzi, maana Vector ya Java, lugha nyingine ya programu, ilijifunga tangu mwanzo. Lakini watazame abiria wawili pale stendi wanaowania Hiace ya Moshi. Kila mmoja anamuuliza konda kama siti ipo, anajibiwa ipo moja, na wote wawili wanapanda. Konda hakudanganya. Kontena ya foleni ya data nayo ikijifunga unapouliza "una kitu?", kisha ikajifunga tena unaposema "nipe", uzi mwingine unaweza kupenya katikati. Kufuli lishike shughuli nzima, na shughuli nzima anaijua aliyeandika programu. Java yenyewe mwaka 1998 ikaleta ArrayList, orodha isiyojifunga.

Basi kosa ni la mwandishi? Hapo ndipo ninaposita. Kiwango cha C++ cha 1998 hakikutaja nyuzi hata kidogo. Ahadi kwamba nyuzi mbili zinaweza kushika vitu viwili tofauti bila kuumizana iliandikwa mwaka 2011. Kabla ya hapo ulitegemea hisani ya kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Kwenye kompaila ya GCC kabla ya toleo la 5, ukinakili matini (string, mfuatano wa herufi), nakala na asili zilitumia memori ile ile kimyakimya, huku ikihesabiwa wangapi wanaitumia. Hesabu hiyo ikiguswa na nyuzi mbili bila ulinzi, memori hufutwa ingali inahitajika. Na ulinzi wenyewe ni shida: prosesa za ARM za kabla ya ARMv6 hazina amri za LDREX na STREX zinazotumika kwa kazi hiyo.

Kuna na malloc, kazi ya C inayogawa memori. Maktaba ya newlib, inayopatikana sana kwenye vifaa vidogo, inamwachia mjenzi wa mfumo aweke kufuli la malloc. Asipoliweka, unaweza kufunga vekta zako zote vizuri, kila moja na kufuli lake, na bado zikavurugana huko chini zinapoomba memori. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje hakufunga?

Kufunga kila mahali nako kuna gharama. Pathfinder, chombo cha anga cha NASA, baada ya kutua Mars Julai 1997, ilikuwa ikijiwasha upya kwa sababu kazi ya daraja la chini ilishika kufuli lililosubiriwa na kazi ya daraja la juu, huku za kati zikiikatiza.

Sisi tumeiondoa vekta. Vipimo sasa vinaingia kwenye safu ya ukubwa maalumu iliyotengwa kifaa kinapowaka, kufuli moja, na uzi unaotuma unanakili kisha unaachia kabla ya kugusa modemu. Matini nazo hazivuki uzi. Mwenzangu anasema nimekwepa hoja yake, na kwa sehemu ni kweli: kompaila ni ile ile.