Maji hayapendi chumvi, tuache hizi hadithi

Kuna video ya kufundishia baiolojia nimeangalia juzi mpaka mwisho kwa hasira tu. Jamaa anaeleza osmosisi, yaani maji kupenya utando na kuzidi kwenda upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, anasema kwa kujiamini kabisa kwamba molekuli za maji "zikiona" ng'ambo ya utando kuna chumvi nyingi zinakimbilia huko kwenda kusaidia, na mambo yakishakuwa sawa pande zote basi zinatulia. Zinaona, zinasaidia, zinatulia. Kumbe maji yana kamati ya maafa na sisi hatujaambiwa!

Jamani, molekuli haitaki kitu. Joto linaitikisa, inamgonga jirani, inarushwa kule, inagonga tena, ndo maisha yake yote hayo. Robert Brown, mtaalamu wa mimea, alishaona vichembe vya ndani ya chavua vikichezacheza kwenye maji chini ya hadubini mwaka 1827, na Einstein 1905 akaleta hesabu kuonyesha ni molekuli za maji zinavigonga ovyo ovyo kutoka kila upande. Difyusheni, yaani vichembe kusambaa vyenyewe, ni hiyo hiyo: penye nyingi zinaondoka nyingi, penye chache zinaondoka chache, ukitoa moja kwa nyingine unapata mwelekeo, na huo mwelekeo ni wa kundi zima, molekuli moja moja haina habari nao.

Na hilo la kutulia ndo limenimaliza kabisa. Chukua seli nyekundu ya damu ikiwa salama mwilini, haivimbi wala hainywei. Kila sekunde, maji yanayopita kwenye utando wake kuingia ni kama mara 100 ya ujazo wa seli yenyewe, na yanayotoka ni kiasi hicho hicho. Kila sekunde! Seli inabaki na umbo lake kwa sababu hesabu ya kuingia na kutoka inalingana, hakuna hata tone lililokaa kupumzika. Mengi yanapita kwenye akwaporini, zile protini zenye tundu jembamba la maji tu, ambazo ndizo zilimpa Peter Agre Nobel ya kemia 2003. Sasa mwanafunzi aliyeambiwa "zinatulia" haya atayaelewa vipi?

Halafu eti maji yanapenda chumvi. Haya, angalia dripu. Ile ya chumvi ina gramu 9 kwa lita, ile ya glukosi ina gramu 50 kwa lita, na zote mbili nguvu yake ya osmosisi inakaribiana na ya damu. Kama ni mapenzi, mbona glukosi inahitaji uzito mara tano na zaidi ndo ipendwe sawa? Ni kwamba osmosisi inaangalia idadi ya vichembe vilivyoyeyuka, haijali ni vya nini. Glukosi ni molekuli nzito, kwa hiyo gramu nyingi zinakupa vichembe vichache, wakati chumvi ni nyepesi na ikiingia majini inaachana sodiamu kivyake kloridi kivyake, kila moja inahesabiwa. Ukiweka maji matupu kwenye mshipa, yanayoingia kwenye seli nyekundu yanazidi yanayotoka, zinavimba mpaka zinapasuka, na hakuna aliyemchukia mtu hapo.

Sawa, nakubali kwa shingo upande, "maji yanafuata chumvi" inamsaidia mtoto kujibu swali la mtihani. Swali la kwanza. La pili likiuliza kwa nini seli ni ndogo amekwama, maana kitu kinachokimbilia mahali umbali hausumbui sana, ila kinachozurura ovyo umbali ukizidi mara 10 muda unazidi mara 100. Oksijeni kwenye maji yaliyotulia inavuka mikromita 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, chini ya sekunde moja, sentimita moja inakula saa nyingi tu, mita moja ni miaka kadhaa. Ndo maana tuna moyo wa kusukuma damu, tungengoja difyusheni peke yake itoe oksijeni mapafuni mpaka miguuni tungeshazikwa zamani.

Michoro ya osmosisi yenye mshale mmoja wa maji nayo ifutwe. Weka miwili, mmoja mnene mmoja mwembamba, wino haujaisha.

Kama mtu lazima amwone "anayetaka" kitu kwenye utando basi aangalie pampu ya sodiamu na potasiamu, ile inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, zote zikipandishwa kinyume na mkondo wake, na kila mzunguko inatumia ATP moja, ile molekuli inayobeba nishati ya seli. Hapo seli inalipia. Osmosisi yenyewe hailipiwi na mtu, inajiendea tu.