Huku Bulaya tunapima, kwetu Bukavu tunakisia

Mizigo ya kwenda Bukavu ikifungwa huku Brussels, mara nyingi mashine mpya ya kupima sukari ya damu imechomekwa kati ya viatu. Nia ni njema. Lakini kinachokula pesa si mashine, ni bandeleti, vile vijiti vya kuwekea tone la damu, na kila mashine inakubali za kwake tu. Zile 10 za kwenye boksi zikiisha, inalala kabatini. Kwanza mwambie ndugu aulizie kwenye farmasi za Nyawera na Kadutu ni bandeleti gani hazikosekani, ndipo ununue mashine inayolingana nazo. Anayenunua London aangalie zaidi: mashine za Uingereza husoma kwa milimoli. Mama anaona 14 na kufurahi, kumbe zidisha kwa 18: ni 252 kwa miligramu, kipimo cha kwetu.

Wengi wetu tunasema tofauti ya huku na kule ni dawa ya kisukari. Sikubali. Metformini ni ileile, insulini ya mchanganyiko wa 30/70 ni ileile. Ila Ubelgiji mwenye kisukari cha aina ya 1 anavaa kihisi mkononi, mituele, yaani bima ya afya, inalipa, anaona sukari ikipanda na kushuka ndipo aamue dozi. Kwetu mtu anapima asubuhi ya kuonana na daktari, tena baada ya kujinyima siku mbili ili namba ipendeze. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu bugali wa saa 7 mchana.

Bandeleti 25 kwa mwezi zinafundisha mengi zikitumika kwa jozi. Chagua mlo mmoja. Pima kabla ya tonge la kwanza, pima tena masaa 2 baadaye, siku 3 kwa wiki. Hizo ni 24 kwa wiki 4; moja inabaki kwa siku ya kutetemeka, sukari ikishuka. Wiki ya kwanza kula kama kawaida, bugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo. Ya pili, nusu ya bugali ule, ongeza mchicha wa lengalenga na samaki wadogo wa sambaza. Ya tatu rudia sahani ya kwanza, lakini ukimaliza tembea dakika 20. Milima ya Bukavu ni dawa ambayo sisi wa huku, tunaoshinda kwenye kiti wakati wa baridi, hatuna. Kama kabla ya kula ni 130 na baadaye inapita 180, tatizo ni ukubwa wa tonge. Gramu 100 za bugali ulioiva zina wanga wa gramu 25 hadi 30, na mtu mzima anafika gramu 400 akiongea tu. Sambaza hawana wanga. Maharage yana wanga, ila unaingia damuni polepole.

Kipimo nacho hudanganya. Kidole kilichomenya embe kinaweza kutoa 300 ya uongo: nawa kwa maji na sabuni, kausha, choma pembeni mwa ncha. Bandeleti zinazouzwa moja moja nje ya kopo lake zimeshakunywa unyevu, hasa msimu wa mvua, usizinunue. Sindano ya kuchoma kidole haiazimwi, hata kwa mke.

Insulini inahangaisha watu bure. Chupa inayotumika haihitaji frigo: mahali penye kivuli, chini ya nyuzi 25, inakaa siku 28, na hali ya hewa ya Bukavu inaruhusu. Za akiba ndizo zinazotaka nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika, ziweke kwenye chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni. Haitafika nyuzi 8, lakini ni afadhali mara kumi kuliko friza. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ndiyo maana kwenye ndege inabebwa mkononi, si kwenye sanduku la chini. Seringi pia zitazamwe: yenye kofia nyekundu ni ya insulini ya 40, yaani uniti 40 kwa mililita. Ukiivutia insulini ya 100 hadi alama ya 20, umechoma uniti 50.

Kinachoniudhi ni tunavyoogopa sukari ya juu na kusahau ya chini, inayoua haraka zaidi. Mtu amemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, asubuhi, halafu anaingia maombi ya kufunga hadi jioni. Au ana malaria na anapewa kwinini, ambayo nayo inashusha sukari. Anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, watu wanasema ni pepo. Mpime. Ikiwa chini ya 70, au bandeleti hamna, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu ya soda ya sentilita 30, ile yenye sukari kabisa. Baada ya dakika 15 pima tena. Bado iko chini, rudia, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni: mlaze ubavu, tafuta gari.